Kofi la asubuhi: uchambuzi wa kisa kimoja katika makao ya wazee

Kisa hiki ni cha kufundishia. Hakuna mtu mmoja wala makao fulani nyuma yake. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia popote wazee wanapohudumiwa kwa zamu. Kimechaguliwa kwa sababu mhudumu aliyemo si katili wala mvivu. Wenzake wakiulizwa nani ana roho nzuri, humtaja yeye kwanza. Kisa cha mtu mbaya kingetufundisha nidhamu tu, na nidhamu si mada yetu hapa.

Waliohusika

Mzee ni mama wa miaka 84, mwalimu mstaafu, mwenye ugonjwa wa Alzheimer uliofika hatua ya kati. Anatembea kwa kushikwa mkono, anakula mwenyewe akianzishiwa, na sauti ya binti yake anaitambua ingawa jina humponyoka. Bega la kulia limesagika kiungo. Sikio la kushoto karibu halisikii kabisa. Yote mawili yameandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lake, na faili limo kabatini ofisini.

Mhudumu ana miaka miwili kazini na anasifika kwa uchangamfu. Asubuhi hiyo mwenzake mmoja hakufika. Wazee 18 waliopaswa kugawanywa kwa wahudumu watatu, sita kwa kila mmoja, wakabaki kwa wawili, tisa kwa tisa. Ratiba haikubadilika: wote wawe wameoga na kuvaa kabla ya saa tatu. Msimamizi wa zamu ni muuguzi mwenye uzoefu, na muda mwingi wa asubuhi alikuwa kwenye simu akitafuta mtu wa kuziba pengo.

Kilichotokea

Saa 1:10 asubuhi mhudumu anaingia chumbani. Anawasha taa, anaelekea dirishani kufungua pazia, na kabla hajalifikia anaanza kusema kwa sauti nyembamba ya kubembeleza: “Haya bibi yangu mzuri, tuamke, tuamke, tukaoge!” Amesimama upande wa kushoto wa kitanda, mgongo kwenye dirisha. Mama anafumbua macho, anakunja kipaji, anavuta blanketi hadi kidevuni. Mhudumu anacheka. “Leo tumeamka na kisirani?” Analifunua blanketi. Mama anauliza, “Wewe nani?” Swali halijibiwi, kwa sababu mhudumu ameshageuka kuchukua taulo. Anarudi, anashika mkono wa kulia na kuunyanyua ili avue gauni la kulalia. Mama anapiga yowe, anamzaba kofi la shavu, na kucha zinamchana mkononi. Tangu mlango ufunguliwe zimepita dakika nne.

Yaliyofuata yalichukua muda mrefu zaidi lakini yanaelezeka haraka. Mhudumu alimshika mama vifundo vya mikono huku akisema “Acha! Acha!”, akamwita mwenzake, na wawili hao wakamwogesha kwa dakika 20 akiwa analia. Mchana mama alisukuma sahani na kumkatalia kila aliyemsogelea. Mhudumu aliwaambia wenzake “kawaida tu, mbona tumezoea”, akacheka; saa tano akamfokea mzee mwingine aliyeangusha kikombe. Kwenye fomu ya tukio msimamizi aliandika: “Mkali. Alikataa kuoga. Alimpiga mhudumu. Daktari aombwe dawa ya kutuliza.” Saa kumi jioni binti alifika na kuona alama za kuvilia damu kwenye mikono ya mama yake. Alipouliza, akajibiwa: “Mama yako leo alikuwa mkali sana, ilibidi.” Kesho yake malalamiko ya maandishi yakafika.

Dakika nne, tukizisoma polepole

Peter Salovey na John Mayer, watafiti wa saikolojia wa Marekani walioandika juu ya akili ya hisia mwaka 1990, baadaye waliigawa katika uwezo wa aina nne: kutambua hisia, kuzitumia katika kufikiri, kuzielewa, na kuzisimamia. Mpangilio huo una maana. Kusimamia hisia kumewekwa mwisho kwa sababu huwezi kusimamia usichokitambua. Mafunzo mengi ya wahudumu huanzia mwishoni: vumilia, tulia, tabasamu. Mhudumu wetu alikuwa navyo vyote vitatu hadi dakika ya nne. Alichokosa ni kile cha kwanza.

Tuanze na mahali aliposimama. Dirisha lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo pazia lilipofunguka uso wake ukawa kivuli. Tabasamu alilokuwa nalo halikuonekana. Alikuwa upande wa sikio lisilosikia, hivyo maneno yalifika kama mlio tu. Mama hakuona uso wala hakusikia salamu. Aliona umbo lenye haraka likimfunua. Mpaka hapo hakuna aliyekosa huruma. Ni mahali pa kusimama tu, lakini hisia za mzee zimeshaamuliwa.

Kisha sauti. Kuongea na mtu mzima kama mtoto mchanga, kwa sauti nyembamba, majina ya kubembeleza na ile “tuoge” wakati anayeoga ni mmoja, kumechunguzwa. Utafiti wa Kristine Williams na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas, uliochapishwa mwaka 2009, uliwarekodi wahudumu na wazee wenye demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kama kwa Alzheimer, wakati wa huduma, ukaona kwamba wazee walikuwa wepesi zaidi wa kukataa huduma waliposemeshwa kitoto kuliko waliposemeshwa kama watu wazima. Anayebembeleza anadhani anatoa upendo, naye mzee anapokea ujumbe mwingine: hapa mimi si mkubwa tena. Kwa mtu aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote, ujumbe huo unachoma zaidi.

Sasa ishara zenyewe. Kulikuwa na tatu, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Kukunja kipaji ni ya kwanza, na tuseme wazi kwamba peke yake haitoshi kuamua lolote. Hata mwanga wa ghafla hukunjisha kipaji. Blanketi kuvutwa hadi kidevuni ni jibu kamili: mtu anajifunika. Na “Wewe nani?” ni maelezo ya hofu yote kwa maneno mawili. Katika ugonjwa wa Alzheimer kumbukumbu za karibuni ndizo hutangulia kupotea. Mhudumu aliyekuja jana anaweza kuwa mgeni leo. Tukilichukua swali la mama jinsi lilivyo, yaliyofuata yanakuwa na mantiki kabisa: mtu asiyemjua, ambaye uso wake hauonekani, amemfunua na anamvua nguo. Kofi katika hali hiyo lingetolewa na mtu yeyote mwenye akili timamu.

Mhudumu aliziona ishara mbili za kwanza. Hakuzipuuza, alizipa jina. Alisema kisirani. Kosa la kutambua hisia kwa kawaida huwa hivi: mtu anaona vizuri, anatafsiri vibaya, na tafsiri inamfungia mlango wa kuuliza. Ukishasema ni kisirani, tiba yake ni utani na kuendelea. Ukisema ni hofu, tiba yake ni kusimama.

Na kasi. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyefariki mwaka 1998, aliorodhesha namna 17 ambazo mazingira ya huduma humvunjia mtu mwenye demensia utu wake, mara nyingi bila nia mbaya. Mojawapo ni kumkimbiza kuliko anavyoweza kufuata. Ubongo wake unahitaji muda kuchambua sentensi moja. Ikija ya pili kabla ya ya kwanza kutua, zote mbili zinapotea. Kanuni inayofundishika ni hii: sema jambo moja fupi, kisha hesabu kimya hadi kumi. Kumi ni ndefu kuliko inavyosikika. Ukijaribu kuhesabu mbele ya mtu anayekutazama, utagundua unataka kuongea ufikapo nne.

Bega

Hapa ndipo wachambuzi wengi wa hisia hupapita, na ndipo penye jibu kubwa. Yowe lilitoka mkono wa kulia uliponyanyuliwa, siyo kabla.

Kiungo cha bega kilichosagika hakipendi kuinuliwa juu ya kifua, hasa asubuhi kabla hakijapata joto. Ndiyo maana wahudumu hufundishwa kwamba wakati wa kuvua, mkono mzima ndio hutangulia kutoka, na wakati wa kuvaa, mkono unaouma ndio hutangulia kuingia. Hivyo kiungo kibovu hakilazimiki kujikunja ndani ya nguo iliyobana. Mhudumu alijua kanuni hii. Hakujua ni bega lipi.

Kwa mzee asiyeweza kusema “panauma”, kuna kipimo cha uchunguzi kiitwacho PAINAD, kilichochapishwa mwaka 2003. Kinatazama mambo matano: kupumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anatulizika. Kila moja hupewa alama 0 hadi 2, jumla isizidi 10. Mama angepata alama za juu wakati ule. Lakini kipimo hiki kina udhaifu ambao lazima ujulikane: uso wa hofu na uso wa maumivu hufanana, hivyo alama kubwa haikuambii ni lipi kati ya hayo. Njia ya busara ni kupima akiwa ametulia, kupima tena akiguswa na kusogezwa, kutoa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, kusubiri dakika 30 hadi 60, kisha kurudia. Tofauti kati ya vipimo ndiyo inayosema.

Kuna swali jingine linalopaswa kutangulia kila mazungumzo ya tabia. Je, amebadilika ghafla? Kwenye kisa hiki, daftari lilionyesha kwamba wiki moja nyuma mama alikuwa akioga bila shida. Badiliko la ndani ya siku chache kwa mzee huchukuliwa kuwa la mwili hadi ithibitike vinginevyo: maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kufunga choo, dawa mpya, homa. Anayechanganyikiwa kwa ghafla huwa na hali inayopanda na kushuka ndani ya siku moja, na hawezi kushikilia mawazo yake kwenye jambo moja. Muuguzi alipochunguza kesho yake hakukuta homa wala dalili hizo, ila mama alikuwa hajapata choo siku tatu. Hilo nalo likaingia kwenye hesabu.

Akili ya hisia isiyopitia mwilini inaweza kudhuru. Mhudumu mwenye maneno matamu na mikono ya polepole angeweza kumtuliza mama vizuri kabisa, na bega likaendelea kuuma, na tumbo pia, kwa wiki nyingine mbili.

Kilichokuwa ndani ya mhudumu

Aliingia na wazee tisa kichwani. Mikono yenye haraka husomeka upesi kuliko maneno. Mzee aliyepoteza lugha bado anajua kama anashikwa au anakamatwa.

Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza mwaka 1983 kazi ambazo mshahara hulipia pia hisia: lazima uonyeshe uso fulani hata kama ndani kuna jingine. Alitofautisha anayeigiza juu juu, yaani anavaa tabasamu huku akichemka, na anayefanya kazi ya kubadilisha anavyoliona jambo hadi hisia yenyewe ibadilike. Tafiti nyingi za baadaye zimeihusisha namna ya kwanza na uchovu wa kazi. Uchangamfu wa mhudumu wetu ulikuwa umeanza kuwa wa namna hiyo. Dalili yake ilikuwa palepale: baada ya kupigwa alicheka, na saa tano akamfokea mtu ambaye hakuwa na kosa. Hasira ya chumba cha kwanza ilitokea chumba cha nne.

Kupigwa na mtu unayemhudumia huleta mambo matatu kwa mpigo: woga, hasira, na aibu ya kuwa na hasira kwa mzee mgonjwa. Ile ya tatu ndiyo inayofunga mdomo. “Tumezoea” ni kauli yake. Makao yenye mazoea ya kusema hivyo huishia na fomu chache za matukio na wahudumu wengi wanaoacha kazi, na takwimu za fomu zinaonekana nzuri.

Kinachosaidia si kirefu. Kwanza jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, liandikwe. Kisha dakika kumi, mlango umefungwa, na mtu asiyetoa hukumu. Maswali matatu yanatosha: uliona nini, ulihisi nini mwilini, unahitaji nini ili umalize zamu. “Kwa nini ulimshika?” lisiulizwe hapo, lina mahali pake kwenye uchunguzi. Kutaja hisia kwa jina kuna kazi halisi: Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles walionyesha mwaka 2007, kwa picha za ubongo, kwamba watu walipoipa jina hisia iliyoonekana kwenye uso, amigdala, sehemu inayohusika sana na woga, ilipunguza msisimko. Baada ya hapo msimamizi ambadilishie mzee mmoja au wawili hadi mwisho wa zamu. Bila hilo la mwisho, dakika kumi zinageuka kuwa maneno tu.

Na hapa kuna jambo ambalo wasimamizi hawapendi kulisikia. Uongozi unaowapeleka wahudumu kwenye semina ya siku moja ya akili ya hisia, kisha kesho yake ukawapa wazee tisa kila mmoja na ratiba ileile, umehamisha lawama kutoka kwenye orodha ya zamu hadi kwenye moyo wa mhudumu. Saa tatu ile ilikuwa mshiriki wa tukio sawa na mtu yeyote aliyekuwemo chumbani.

Mahali pa kusimama

Swali la “Wewe nani?” ndilo lililokuwa kituo. Kuoga si dharura isipokuwa mtu amejichafua kiasi cha kuhatarisha ngozi, na mama hakuwa amejichafua. Kanuni iliyowekwa baadaye ni nyepesi: ishara mbili za kukataa, mhudumu anarudi nyuma hatua mbili, anamfunika, anajitambulisha au anaondoka, na kurudi baada ya dakika 15 hadi 20. Akikataliwa tena, anaingia mtu mwingine au kuoga kunahamishwa.

Wahudumu wapya huogopa kwamba kuondoka ni kumzoeza mzee kukataa. Hofu hiyo imetoka kwenye kulea watoto, na hapa haina nafasi. Mtu mwenye demensia hajifunzi hila ya aina hiyo, ila hisia zinabaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wenye Alzheimer waliotazama vipande vya filamu za huzuni au furaha waliendelea kuwa na hisia hiyo baada ya kusahau walichotazama. Kipimo kile kilikuwa cha dakika, siyo cha siku nzima, kwa hiyo tusikinyooshe kuliko kilivyo. Lakini kinaeleza kwa nini mchana ule mama aliwakatalia hata wasiokuwepo asubuhi, huku asingeweza kusema kilichomkuta.

Fomu na dawa

Fomu ya msimamizi ilimweleza mama kwa sifa, na sifa haimwambii mtu wa zamu ya jioni afanye nini. Ilipoandikwa upya kwa safu tatu, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, ikasomeka hivi: “Saa 1:10, taa na pazia vilifunguliwa akiwa amelala. Alisemeshwa upande wa kushoto. Aliuliza ‘wewe nani’, hakujibiwa. Mkono wa kulia uliinuliwa. / Alipiga yowe, alipiga kofi, alikwaruza. / Alishikwa vifundo na kuogeshwa na watu wawili, alilia muda wote, hakula mchana.” Yeyote anayesoma hapo anaona bega na anaona sikio. Anaona pia kwamba mama alizuiwa kwa nguvu, jambo ambalo fomu ya kwanza ililificha bila mtu kukusudia.

Ombi la dawa ya kutuliza daktari alilirudisha, na alifanya vyema. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za kundi linalotibu saikosisi, yaani hali ya kuona au kuamini yasiyopo, huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Zina mahali pake, lakini siyo kabla ya kutibu maumivu na kubadilisha namna ya kuogesha. Aliagiza dawa ya maumivu kabla ya huduma na dawa ya kulainisha choo.

Binti

Alama kwenye ngozi nyembamba ya mzee hutokea hata kwa kushikwa kidogo, na ni kweli. Lakini hilo si jambo la kumwambia binti kwanza, kwa sababu litasikika kama utetezi. “Mama yako alikuwa mkali” lilikuwa baya zaidi: lilimpa binti taarifa ya jeraha na lawama ya mgonjwa katika pumzi moja.

Kosa la msingi lilikuwa saa. Tukio la asubuhi, binti akalijua jioni kwa macho yake. Simu ingepigwa kabla ya adhuhuri. Maneno yenyewe hayahitaji ufundi mkubwa: “Dada, habari za asubuhi. Nakupigia kuhusu mama. Leo tulipokuwa tunamwogesha aliogopa, akampiga mhudumu, na sisi tukamshika mikono. Ana alama kwenye vifundo vyote viwili. Nimemkagua, hajavunjika popote. Kumshika vile hakukuwa sawa, na tumeanza kulichunguza. Ukija jioni tukae pamoja?” Tukio, hali ya sasa, kukiri, hatua, mwaliko. Halafu kunyamaza, hata kama upande wa pili kuna kilio au hasira. Msimamizi anayejaza ukimya huo kwa maelezo ya ugonjwa anajitibu mwenyewe.

Ukarimu wa maneno haufuti utaratibu. Alama za kushikwa kwa nguvu zinaripotiwa na kuchunguzwa kama sheria na kanuni za makao zinavyotaka, hata pale kila mtu anapoamini nia ilikuwa njema.

Binti alipoulizwa mama alikuwa akiogaje nyumbani, alijibu mara moja: jioni, kwa muda mrefu, mlango umefungwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwita bibi, alikuwa Mwalimu, hata kwa majirani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu siku mama alipopokelewa.

Kuoga kulivyopangwa upya

Saa ikahamia saa kumi na moja jioni, mara mbili kwa wiki. Dawa ya maumivu dakika 45 kabla. Chumba kinapashwa joto hadi nyuzi 24 au 25 hivi, maji nyuzi 37 hadi 38 kwa kipimajoto. Mkono wa mhudumu aliyevaa glavu haupimi joto. Mhudumu anaingia kwa kugonga, anakuja upande wa kulia, mwanga uangukie uso wake, anainama hadi macho yalingane. “Shikamoo, Mwalimu.” Anasubiri. Marahaba ikija, amejua mambo matatu kwa wakati mmoja: amesikika, ameonekana, na mama yuko tayari kuzungumza. Isipokuja, anajitaja jina na kusubiri tena. Kisha anampa taulo alishike. Kitu mkononi hueleza “kuoga” kuliko sentensi, tena mkono ulioshika taulo hauna haja ya kushika kitu kingine.

Wiki ya kwanza hawakumpeleka bafuni kabisa. Walitumia njia ya taulo kitandani: taulo kubwa linaloloweshwa kwenye lita 2 hivi za maji ya moto kiasi yenye sabuni isiyohitaji kusuuzwa, linakamuliwa, linajaribiwa ndani ya kifundo cha mkono wa mhudumu, kisha linatandazwa juu ya mwili wakati nguo na blanketi vikiondolewa chini yake, hivyo mzee habaki uchi hata dakika moja. Anakandwa kupitia taulo. Linalokosewa sana ni taulo kupoa; likishapoa, kila kilichojengwa kinabomoka, kwa hiyo la pili, kavu na la joto, liwe karibu kabla ya kuanza. Njia hii, pamoja na kuoga bafuni kwa kumfuata mtu anavyopenda, ilijaribiwa na Philip Sloane na wenzake kwenye makao 15 nchini Marekani. Matokeo yaliyotoka mwaka 2004 yalionyesha matukio ya ukali yakipungua kwa asilimia 60 kwa taulo na asilimia 53 kwa bafuni.

Mhudumu mwenyewe alikuwa akimkwepa mama, na kila mtu aliona hilo ni suluhisho. Halikuwa. Woga usioguswa hukomaa. Alirudishwa kwa njia isiyo ya huduma: dakika tano mara mbili kwa siku, amekaa upande wa kulia, bila kazi yoyote mkononi. Kuoga kulifuata baadaye, mwanzoni akiwa msaidizi wa mwenzake.

Kilichoharibika baada ya hapo

Wiki ya nne mhudumu wa muda, asiyejua lolote kati ya hayo, aliingia asubuhi na kumshika mama mkono wa kulia. Akapigwa. Mpango wote ulikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa bado ofisini. Ndipo mistari mitano ikaandikwa kwenye kadi: Mwalimu, siyo bibi; simama kulia; bega la kulia lisiinuliwe; jioni tu; ishara mbili, ondoka. Kadi ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo mgeni wa kawaida haoni lakini anayechukua nguo za kumvalisha lazima aone.

Suala la wazee tisa lilimalizwa nusu. Uongozi haukuongeza mtu, ila ulikubali kwamba mhudumu mmoja akikosekana, kuoga mwili mzima kunabaki kwa waliojichafua tu. Wengine wanasafishwa uso, mikono, kwapa na sehemu za siri, na zamu yao inasogezwa siku moja. Uamuzi huo ni wa msimamizi wa zamu, papo hapo, bila kumpigia mtu simu. Mwezi wa kwanza wasimamizi wawili waliendelea kuomba ruhusa kila mara, hadi meneja alipoiandika kanuni hiyo juu ya ratiba yenyewe na kuifuta ile saa tatu.